Kompyuta mpya sebuleni: ipange kabla haijakupanga

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea na Ruangwa

FEDHA za korosho zikishaingia, na zile za ufuta katikati ya mwaka, orodha ya mahitaji ya nyumbani huwa ndefu: bati, ada, godoro, pikipiki. Katika baadhi ya nyumba za Nachingwea na Ruangwa kimeongezeka kitu kingine, nacho ni kompyuta ya mezani. Mara nyingi si ile inayotoka kiwandani ikiwa imefungwa kwenye boksi moja. Ni ile ambayo kijana wa nyumbani au fundi wa mtaani ameiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa vifaa vilivyonunuliwa Kariakoo na kushushwa kwenye basi.

Uamuzi huo una akili. Kompyuta ya kuunganisha ikiharibika kifaa kimoja, unabadilisha hicho hicho na maisha yanaendelea. Lakini siku inapowaka kwa mara ya kwanza, watu hupiga makofi, kijana hupongezwa, na kazi huonekana imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na kompyuta ya nyumbani ni habari ya afya kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake kuna umeme, joto, vumbi, na betri ndogo inayoweza kumuua mtoto. Mbele yake kuna macho, shingo na usingizi wa familia nzima. Mipangilio ya wiki ya kwanza ndiyo huamua mengi kati ya hayo.

Nachingwea wanajua vizuri hasara ya mashine isiyopangwa kulingana na mahali. Mji huu ulikua kutokana na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa meli na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara, lakini mashine na mipango yake havikuendana na udongo wala mvua za huku. Mwaka 1951 mradi ulisitishwa, na Serikali ya Uingereza ikawa imepoteza takriban pauni milioni 36. Reli nayo leo haipo. Kompyuta yako haikugharimu mamilioni ya pauni, ila kwa mfuko wa familia inaweza kuuma vilevile.

Anza na umeme

Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Baadhi ya pawa saplai, hasa za bei nafuu au zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani, zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma yenye namba 115 na 230. Kabla ya kuchomeka waya ukutani, hakikisha inasoma 230. Ikiwa kwenye 115, unaweza kusikia mlio na kuona moshi papo hapo, na hela ya msimu imeondoka. Swichi hiyo isiguswe wakati waya umechomekwa.

Jambo la pili ni ethi, yaani waya wa ardhini. Boksi la kompyuta ni la bati. Ukiligusa ukahisi kama unachomwachomwa au kutetemeshwa kidogo, usiseme ni kawaida ya kompyuta. Hiyo ni dalili kwamba ethi ya nyumba haifanyi kazi au haipo kabisa. Mweleze fundi umeme mwenye leseni aipime. Usikate pini ya tatu ya plagi, na usitumie kalamu au kijiti kufungua tundu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Wanaozoea kufanya hivyo mbele ya watoto wanawafundisha watoto kuingiza vitu kwenye soketi.

La tatu ni kukatika na kupandapanda kwa umeme. Kile kifaa cha kulinda friji, ambacho nyumba nyingi zinacho, hukata umeme unapozidi au kupungua, kisha husubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Kinasaidia, ila hakiwezi kuifanya kompyuta ibaki inawaka. Kazi hiyo ni ya UPS. Ndogo ya nyumbani hutoa dakika chache tu, zinazotosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke humo pasi wala friji.

Betri ya UPS ina madini ya risasi na huchoka baada ya miaka michache. Ikichoka, irudishwe kwa muuzaji au kwa fundi anayezikusanya. Isivunjwe wala kuchomwa uani, kwa sababu risasi huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Na wakati wa mvua za radi, chomoa waya ukutani. UPS haizuii radi.

Kuhusu LUKU, hesabu yake ni rahisi. Kompyuta ya kazi za kawaida pamoja na skrini yake, ikila wati 100 kwa saa tano kila siku, inatumia nusu uniti kwa siku, sawa na uniti 15 kwa mwezi. Kwa familia iliyo kwenye daraja la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hizo ni nyingi. Kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro kwa ajili ya michezo hula zaidi ya hapo. Kwa hiyo ipange ilale yenyewe ikikaa dakika 10 bila kuguswa, na skrini izimike baada ya dakika tano.

Kabla ya kuwasha, fungua boksi

Safari ya kutoka Dar es Salaam kupitia Kilwa na Lindi ni ndefu, na vifaa hutikisika njia nzima. Kama kompyuta imesafirishwa ikiwa imeshaunganishwa, fungua ubavu wake kabla ya kuiwasha. Chomoa waya kwanza, kisha gusa bati la boksi ili umeme tuli wa mwilini utoke. Hakikisha feni ya prosesa haijalegea, ramu zimekaa sawasawa, kadi ya michoro haijachomoka, na hakuna waya unaogusa mapanga ya feni.

Kama una ramu mbili na mazabodi yenye nafasi nne, mara nyingi zinatakiwa kukaa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha mazabodi kitakuthibitishia. Ramu zikikaa vibaya kompyuta inaweza kuwaka tu, lakini ikafanya kazi kwa ulegevu na usijue sababu. Vilevile, kama umenunua kadi ya michoro, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo. Ukiuchomeka kwenye mazabodi, kadi uliyoilipia itakaa bure.

Ukiwasha, bonyeza kitufe cha Del au F2 uingie kwenye baiosi, yaani mipangilio ya ndani ya mazabodi. Angalia mambo manne: kiasi cha ramu kama ni kile ulichonunua, joto la prosesa, mzunguko wa feni, na tarehe. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa sababu za kiusalama, na utaulaumu mtandao bure.

Humo humo kuna mpangilio unaoitwa XMP kwa kompyuta za Intel, au EXPO kwa zile za AMD. Ramu iliyoandikwa 3200 inaweza kuwa inakimbia 2133 au 2400 mpaka mpangilio huo uwashwe. Washa, kisha tumia kompyuta kwa siku kadhaa. Ikianza kuganda au kujizima yenyewe, rudisha kama mwanzo. Utulivu wa mashine una thamani kuliko kasi ya kwenye karatasi.

Betri ndogo, hatari kubwa

Kaka yangu ni mwalimu Ruangwa. Kompyuta aliyoiunganisha pamoja na mwanawe wa kidato cha tatu ilikuwa ikisahau tarehe kila inapozimwa. Sababu yake ni ya kawaida: betri ya kwenye mazabodi ilikuwa imekwisha. Walinunua nyingine, wakaibadilisha, na ile ya zamani ikabaki mezani pamoja na skrubu. Wifi yangu ndiye aliyeiona kwanza, kwa kuwa ana mtoto wa miaka mitatu anayepeleka kila kitu mdomoni. Aliifunga kwa gundi ya karatasi, akaitia kwenye kopo lenye mfuniko na kuiweka juu ya kabati. Kisha akanigeukia: “Wifi, andika hili gazetini.”

Naandika. Betri hiyo huitwa CR2032. Ni duara yenye upana wa milimita 20, imekaa kama sarafu. Mtoto akiimeza inaweza kukwama kwenye koo la chakula, na ikigusa ute wa mwili huzalisha kemikali inayounguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Betri iliyokwisha nguvu ya kuendesha saa bado ina nguvu ya kuunguza.

Dalili zake ni kutokwa mate, kukataa chakula, kukohoa, kutapika au kulalamika kifua. Wakati mwingine mtoto haonyeshi dalili yoyote. Ukihisi tu kwamba ameimeza, nenda hospitali mara moja na useme wazi kwamba ni betri, ili apigwe picha ya eksirei. Usimtapishe na usimpe chakula. Wataalamu wa sumu wanashauri kwamba mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12 tangu aimeze, anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali haimtibu, inapunguza tu kuungua. Kama haipo jirani, usipoteze muda kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Joto na vumbi

Vumbi jekundu la kiangazi ni adui wa feni. Kompyuta isikae sakafuni, wala isisukumwe mpaka mgongo wake uguse ukuta. Iache nafasi ya kama sentimita 15 nyuma ili hewa ya moto itoke. Feni za mbele huingiza hewa na za nyuma huitoa. Weka mkono uthibitishe, kwa sababu feni iliyofungwa kinyume hupingana na wenzake. Ziba pia matundu yaliyo wazi nyuma ya boksi, maana mijusi na mende hupenda joto, na mjusi mmoja kwenye saketi anaweza kuiunguza.

Kuna programu za bure za kusoma joto la prosesa. Ikiwa haina kazi nzito, nyuzi 35 hadi 50 ni hali nzuri kwa nyumba zetu za bati. Ikiwa kazini, 70 hadi 85 si ajabu. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100. Ukiona 70 na hakuna kinachofanyika, kagua feni ya prosesa. Mara nyingine utakuta ile karatasi ya plastiki chini ya chuma chake haikubanduliwa, au grisi ya kupitisha joto haikuwekwa. Grisi hiyo inatosha kiasi cha punje ya mbaazi.

Kila baada ya miezi mitatu, wakati wa vumbi, zima kompyuta, chomoa, itoe nje na uisafishe kwa brashi laini na pampu ya upepo. Zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Vaa barakoa, na mwenye pumu akae mbali, kwani vumbi la miezi mitatu likitoka kwa mkupuo linaweza kumwamshia mgonjwa shambulio.

Macho, shingo na mgongo

Hapa ndipo mipangilio isiyogharimu hata shilingi hufanya kazi kubwa. Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, kati ya sentimita 50 na 70 kutoka machoni. Ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo. Kama meza ni fupi, inua skrini kwa vitabu au ubao. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako wala mbele yako.

Mwanga upime hivi: shika karatasi nyeupe kando ya skrini. Skrini ikionekana kama taa kuliko karatasi, punguza. Ikionekana ya kijivu, ongeza. Ukubwa wa maandishi ongeza hadi asilimia 125 au zaidi kama unajikuta unasogeza shingo mbele. Angalia pia kwamba skrini inatumia ukubwa wa picha iliyotengenezewa, na idadi yake kamili ya kuonyesha picha kwa sekunde. Skrini ya 75 inaweza kuwa imepangwa 60, nawe ukabaki kushangaa kwa nini picha haitiririki.

Mtu akitazama skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana huwa makavu na kuwasha. Kanuni inayotumika sana ni ya 20 tatu: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, kama mita sita, kwa sekunde 20. Mwembe wa jirani unatosha. Ama miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayouzwa kama dawa ya uchovu wa macho, usiikimbilie. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2023 uligundua kwamba huenda haipunguzi uchovu huo ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Kama maandishi ya ubaoni yanamsumbua mtoto, mpeleke akapimwe macho badala ya kumnunulia miwani ya barabarani.

Kiti cha plastiki kinafaa kikiongezewa mto mgongoni. Viwiko vikunjike kama pembe ya meza, na nyayo zikanyage sakafu. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia awekewe kigoda au tofali. Kila nusu saa anyanyuke, hata kwa kwenda kunywa maji.

Watoto na saa zao

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa wakubwa, kuanzia miaka mitano hadi 17, shirika hilo linataka wapate angalau wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Tafiti pia zinaonyesha kwamba watoto wanaopata muda mwingi nje, kwenye mwanga wa mchana, wana uwezekano mdogo wa kuanza kutoona mbali. Ruangwa ndiyo nyumbani kwa Namungo, hivyo kisingizio cha kukosa hamu ya mpira hakipo.

Kompyuta ikae sebuleni, isiingie chumbani kwa kijana. Kila mtoto awe na akaunti yake, na akaunti kuu yenye uwezo wa kuingiza programu iwe ya mzazi, na nywila yake aijue mzazi. Izimwe saa moja kabla ya kulala. Na mtoto aelezwe mapema kwamba mtu akimtisha au kumwomba picha mtandaoni, aje kusema bila kuogopa kupigwa. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Programu, bando na nakala

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo muulize fundi anaweka toleo gani, na kama ni halali. Fundi akisema lazima azime kinga ya virusi ili programu ya kufungulia leseni ikubali, elewa kwamba unafunguliwa mlango ambao wengine wataupitia. Kama leseni ni ghali, Linux pamoja na LibreOffice ni vya bure kabisa, na barua, hesabu na kazi za shule vinaziweza.

Kama intaneti inatoka kwenye simu, nenda kwenye mipangilio ya mtandao na uutambulishe kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. Usipofanya hivyo, masasisho yatameza bando la wiki kwa usiku mmoja. Yapakue kwa kusudi, siku yenye bando la kutosha, lakini usiyaache kabisa.

Mwisho ni nakala. Picha za harusi, matokeo ya shule na hati za shamba visikae sehemu moja. Weka nakala kwenye diski ya nje au flashi mbili, moja ibaki nyumbani na nyingine ikae kwa ndugu. Aliye Nachingwea akampe wa Ruangwa, na wa Ruangwa ampe wa Nachingwea. Mkikutana msibani au harusini, mnabadilishana zenye mambo mapya.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo mashine hiyo inapakiwa kwenye basi pamoja na magunia. Kama fedha hazitoshi kwa yote, fuata mpangilio huu: ethi kwanza, UPS ya pili, kiti na urefu wa meza vya tatu. Kadi kubwa ya michoro ambayo kijana anaililia inaweza kusubiri msimu ujao.